Gari Limekwama Mchangani: Dhana Potofu Kuhusu Vifaa vya Kujinasua Jangwani

Gari halizami mchangani kwa kishindo. Usukani unakuwa mzito, injini inaanza kulemewa, dereva anaongeza mafuta ili lisisimame, na kufumba na kufumbua matairi yamejichimbia mashimo manne, tumbo la gari limelala juu ya mchanga na magurudumu yanazunguka bure. Hapo kila mtu huwa na lake la kusema, na mengi yanayosemwa ni ya kurithi: fulani alifanya hivi, fulani alivutwa vile. Baadhi ya imani hizo hupoteza muda na jasho tu. Nyingine zimewaua watu waliokuwa wamesimama kando wakitazama, na ndizo zilizonifanya niandike.

"Gari la 4x4 lenye injini kubwa halihitaji kupunguzwa upepo"

Linahitaji, tena kabla halijakanyaga mchanga. Kinachozamisha gari ni uzito kukaa mahali padogo, na injini kubwa huja na uzito wake. Chukua gari la tani 2.5: kila tairi linabeba kama kilo 625. Likiwa na upepo wa lami, tuseme PSI 35 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi, paundi kwa kila inchi ya mraba), mzigo wote huo unakaa juu ya eneo la sentimita za mraba 250 hivi, dogo kuliko ukurasa wa daftari. Shusha hadi PSI 18 na eneo hilo linakaribia kuwa maradufu. Ukichuchumaa kando ya tairi wakati upepo unatoka utaona mwenyewe: ubavu unatuna kama shavu la mtu anayepuliza moto, na alama yake mchangani inarefuka kwenda mbele na nyuma. Wengi hudhani tairi linapanuka. Linapanuka kidogo sana. Linachofanya hasa ni kurefuka, na kwa kurefuka linapita juu ya mchanga badala ya kuukata.

Historia yenyewe inashuhudia. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza, alizunguka majangwa ya Misri na Libya miaka ya 1920 na 1930 kwa magari mepesi ya Ford yaliyosukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma. Kikosi alichokianzisha mwaka 1940, Long Range Desert Group, kilivuka Bahari Kuu ya Mchanga, eneo kubwa la matuta kati ya Misri na Libya, kwa malori ya Chevrolet ambayo mengi yake nayo hayakuwa 4x4. Silaha zao dhidi ya mchanga zilikuwa tairi lililopunguzwa upepo, beleshi, na mabati mazito yaliyokunjwa kama mifereji ya kuwekwa chini ya magurudumu. Kila mara nikiona gari la kisasa limezama likiwa na PSI 35 nawakumbuka watu hao.

Kwa gari la kawaida la safari, PSI 18 hadi 20 ni mwanzo mzuri, 15 mchanga ukilainika, na 12 ukiwa tayari umekwama na unataka kutoka. Huko chini uende polepole na usikate kona kwa ghafla, kwa sababu tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Pima kwa geji, usikadirie kwa macho wala kwa teke. Upime kabla matairi hayajapata moto, maana joto hupandisha upepo na kukudanganya.

Kwa hiyo kompresa, pampu ya kujazia matairi upepo, ni kifaa cha usalama, wala si anasa. Asiyekuwa nayo huogopa kupunguza upepo, na kama amepunguza hurudi lami na PSI 15 akaendesha kasi hivyo hivyo. Ubavu unakunjwa na kukunjuka kila mzunguko, unapata moto kutoka ndani, mwishowe tairi linapasuka. Kompresa ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari huzidiwa na matairi manne makubwa. Tafuta ile inayobanwa moja kwa moja kwenye betri, na uwashe kompresa wakati injini inanguruma.

"Ukiwa na winchi umemaliza"

Winchi, mashine ya mbele ya gari inayozungusha kamba kwenye ngoma ili gari lijivute, ni kifaa kizuri sana msituni na kwenye matope. Jangwani ina swali moja gumu: utaifunga wapi? Hakuna mti, hakuna mwamba, na gari la mwenzako likiwa juu ya mchanga laini linaweza kuburutwa kukufuata badala ya kukuvuta. Unahitaji nanga ya mchangani, au ulichimbie tairi la akiba likiwa limesimama, shimo lenye kina cha kutosha kulifunika kabisa, na mfereji mwembamba wa kamba ili mvuto usilinyanyue. Kazi hiyo wakati wa adhuhuri si mchezo.

Tena namba iliyoandikwa kwenye winchi ni ya safu ya kwanza ya kamba juu ya ngoma. Kila safu iliyobaki juu yake hupunguza nguvu ya kuvuta. Kwa hiyo anayevuta akiwa ametoa mita chache tu za kamba ana winchi dhaifu kuliko anavyodhani. Kapi ikiongezwa katikati, nguvu inakaribia kuwa mara mbili na mwendo unapungua kwa nusu. Kama bado hujanunua chochote, winchi iwe ya mwisho kwenye orodha. Ni nzito, na uzito huo unakaa mbele kabisa, pale pale gari linapoanza kuzamia.

"Kamba ni kamba, mradi iwe nene"

Hapa naomba msomaji asiharakishe.

Kuna mkanda wa kukokotea, uliofumwa kwa polista, ambao haunyumbuki. Huo ni wa kuvuta gari taratibu, kamba ikiwa imeshanyooka. Kuna mkanda au kamba ya nailoni inayonyumbuka, iliyotengenezwa mahususi kwa kunasua: mkanda wa mita 9 unaweza kurefuka kwa asilimia 20 hivi, karibu mita 2, na kamba nene za aina hiyo hurefuka hata zaidi. Gari linalovuta linatembea, nailoni inanyumbuka kama mpira wa manati, kisha inarudi na kulitoa gari lililokwama kwa mvuto laini unaoendelea. Fanya hivyo hivyo kwa polista, mnyororo au waya wa chuma na hakuna kinachonyumbuka. Nguvu yote inagonga kwa mpigo mmoja, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachong'oka.

Unene nao una kipimo chake. Mkanda unatakiwa uwe na nguvu ya kukatika mara 2 hadi 3 ya uzito kamili wa gari jepesi kati ya yale mawili. Ukiwa dhaifu utakatika. Ukiwa na nguvu kupita kiasi hautanyumbuka, na unakuwa hauna tofauti na mnyororo.

Watu hufikiri pia kwamba dawa ya mvuto ulioshindwa ni kurudi nyuma zaidi na kuja kwa kasi zaidi. Nishati ya gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 10 kwa saa ukaenda 20, unapakia mkandani nishati mara 4. Anza kwa mvuto mpole, ukiacha ulegevu wa mita moja au mbili, huku dereva aliyekwama naye akiwa kwenye gia ndogo anajisaidia taratibu. Ikishindikana, shika beleshi. Gari lililolala tumbo linaweza kudai mvuto unaolingana na uzito wake wote au kuupita, na dakika 10 za kuondoa mchanga chini ya difu na mbele ya matairi hupunguza deni hilo kuliko kasi yoyote.

"Funga kwenye kile kichwa cha kuvutia tela"

Usifunge. Hata mara moja, hata kidogo tu.

Ule mpira wa chuma umetengenezwa kubeba tela linalotembea nyuma ya gari. Haukutengenezwa kuhimili mshtuko wa kunasua. Ukikatika shingo wakati nailoni imenyumbuka, unaruka kama risasi kuelekea gari la pili, na kioo cha mbele hakiuzuii. Watu wamekufa hivyo, madereva wakiwa wameketi ndani na watazamaji wakiwa nje. Vile vipete vidogo vilivyo chini ya bampa navyo mara nyingi ni vya kulifungia gari lisiteleze likiwa juu ya lori au melini. Sehemu halali ya kuvutia ni ndoano au pete imara iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi, yenye uwezo unaojulikana. Ihakikishe nyumbani, ukiwa umelala chini ya gari na tochi mkononi, siyo jangwani jua likizama.

Shakeli, kile kiungo cha chuma chenye umbo la upinde na pini ya kuzungusha, iwe na uzito wa kazi, yaani mzigo unaoruhusiwa, uliochapwa mwilini mwake. Zinazotumika sana ni za tani 3.25 na 4.75. Ya kufungia mageti, isiyoandikwa kitu, ibaki getini. Kaza pini kwa vidole hadi mwisho kisha irudishe kidogo, la sivyo baada ya mvuto haitafunguka. Na kamwe usiunganishe mikanda miwili kwa shakeli katikati. Mmoja ukikatika, chuma hicho kinapata mabawa. Pitisha jicho la mkanda mmoja ndani ya jicho la mwingine. Shakeli laini za kamba ni nyepesi na naziamini, ila hukatwa na kingo kali za chuma.

Kuna wanaotupa blanketi juu ya kamba wakaona wamemaliza habari ya usalama. Linasaidia kuangusha kamba iliyokatika. Halizuii kipande cha chuma kilichong'oka. Kinachookoa ni umbali: kila asiye dereva asimame pembeni, mbali walau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na asiwepo mtu wa kuivuka kamba ikiwa imefungwa.

"Weka mbao za mchangani, kanyaga mafuta"

Mbao hizi za plastiki zenye meno ni kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwa anayesafiri bila gari la pili, na ndicho kinachoharibiwa haraka zaidi. Tairi likizunguka juu yake bila kushika, msuguano huyeyusha meno ndani ya sekunde chache. Chimba kwanza, kwa beleshi lenye mpini mrefu linalofika chini ya gari. Tengeneza mteremko mbele ya tairi, sukuma ubao hadi ukingo wake uingie chini ya mpira, halafu toka kwa gia ndogo, taratibu kabisa, mpaka tairi lipande. Watu wasisimame nyuma, kwa kuwa ubao huweza kurushwa. Na "mbele" si lazima iwe mbele: njia uliyojia umeshaishindilia, na mara nyingi kurudi nyuma ndiko kwepesi. Ukishatoka, usisimame mpaka ufike penye mchanga mgumu, hata kama mbao zimebaki mita 100 nyuma. Utazifuata kwa miguu.

Mengine kwa ufupi. Jeki bila ubao mpana chini yake huzama badala ya kunyanyua gari. Kumwagia mchanga maji ya kunywa ili ushikamane ni kubadilisha uhai na nusu mita ya safari. Weka lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na zaidi kwa akiba. Breki ya ghafla hujenga kabari ya mchanga mbele ya matairi, hivyo achia mafuta tu na uuache mchanga ulisimamishe gari, likiwa limeelekea bondeni. Ardhi tambarare inayong'aa kwa chumvi haimaanishi ardhi ngumu: chini ya ganda hilo huweza kuwa na tope, na humo mbinu nyingi za mchanga hazifui dafu. Na gari likigoma kabisa, kaa nalo. Gari huonekana kutoka mbali kuliko mtu, na lina kivuli.

Kazi ya mwisho huwa imesahauliwa kabla vumbi halijatua. Mkanda uliotumika una chembe za mchanga katikati ya nyuzi, nazo huendelea kukata kila unaponyumbuka tena. Uoshe kwa maji matupu, uanike kivulini mpaka ukauke, maana nailoni iliyolowa hupungua nguvu, kisha upitishe wote mkononi mwako, jicho hadi jicho. Ukikuta ukingo umechanika, usiurudishe kwenye begi la vifaa. Ukate vipande kabla ya kuutupa, ili mtu mwingine asiuokote akaufunga kwenye gari lake.