Simba Mnayemsubiri, Yohana Hakumwona

Juzi usiku simu imelia tena. Kundi letu la masomo ya Biblia hapa Unguja, na mtu katuma picha iliyotengenezwa na kompyuta: Yesu mwenye misuli kama hamali wa Malindi, amevaa deraya, mkononi upanga unatiririka damu, na ubavuni kwake simba amekaa kama mbwa wa mlinzi. Chini pameandikwa: "Mara ya kwanza alikuja kama Mwana-Kondoo. Mara ya pili anakuja kama SIMBA." Zikafuata amina, nikaacha kuhesabu zilipopita ishirini.

Neno hili nimeshalisikia mimbarini, kwenye daladala, msibani, na mara moja harusini, ambako mpaka leo sijui liliingiaje. Kila mara nilinyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite, nikajisemea. Lakini kitabu chenyewe, kile cha mwisho cha Biblia chenye maono ya Yohana, kinaitwa Ufunuo, na kazi yangu ni kuwafundisha makatekista Agano Jipya, basi leo nalifunua kombe.

Fungueni sura ya 5. Yohana analia kwa sababu kitabu anachokiona mbinguni kina mihuri saba na hapana aliyestahili kukifungua. Mmoja wa wale wazee wa mbinguni anamwambia asilie: Simba wa kabila ya Yuda, Shina la Daudi, ameshinda. Hapo ndipo wahubiri wengi wanapoifunga Biblia na kupandisha sauti. Someni aya moja tu zaidi, jamani. Yohana anatazama, na anachokiona ni Mwana-Kondoo amesimama, kama aliyechinjwa. Simba kasikiwa kwa sikio, kondoo kaonekana kwa jicho. Na huyo simba, baada ya aya ile, harudi tena mpaka sura ya 22 inakwisha. Jina hilo Yesu anapewa mara moja tu, na aliyelitaja si Yohana.

Sasa mhesabuni kondoo. Neno la Kigiriki ni arnion, na katika Ufunuo limo mara 29. Mara 28 ni Yesu. Wapo wanaosema 28 ni saba mara nne, saba ikiwa hesabu ya utimilifu na nne ikiwa pembe za dunia, kwa hiyo Yohana alipanga. Pengine. Mimi sijui kama mtu aliyekuwa kisiwani Patmo alikaa akizihesabu kondoo zake moja moja, ingawa kwa kitabu kinachopenda saba kiasi kile sitashangaa. Ninachojua ni kwamba aliyeketi pamoja na Mungu kwenye kiti cha enzi ni kondoo, anayeoa mwishoni ni kondoo, na taa ya mji mpya ni kondoo. Kama angebadilika kuwa simba, nafasi zilikuwepo tele.

Na simba wengine wamo! Hilo ndilo linalonichekesha. Nzige wa sura ya 9 wana meno ya simba, farasi wa sura hiyo hiyo wana vichwa vya simba, na mnyama wa sura ya 13, yule adui mwenyewe, ana kinywa cha simba. Ukiacha yule mwenye uhai wa kwanza, kiumbe mfano wa simba aliye mbele ya kiti cha enzi, na malaika anayenguruma katika sura ya 10, usimba mwingi wa kitabu hiki uko upande wa pili. Soma pia 13:11: mnyama mwingine anapanda kutoka katika nchi, ana pembe mbili mfano wa mwana-kondoo, lakini akinena ananena kama joka. Kondoo kwa sura, joka kwa tabia. Yohana anamwita huyo mnyama, na baadaye nabii wa uongo. Wale wanaotuhubiria Yesu aliyejifanya mpole kwanza ili baadaye atoe makucha, nawaomba waiangalie aya hiyo kwa utulivu, waniambie wanamhubiri nani.

Kuna jambo tafsiri yetu inalificha kidogo, siilaumu. Mwana-Kondoo wa 5:6 ni esphagmenon, amechinjwa. Kichwa kimoja cha mnyama katika 13:3 kinaelezwa kwa neno lile lile, lakini Kiswahili chetu kinasema kimetiwa jeraha la mauti. Masikio ya Kigiriki yangeshtuka: mnyama anaigiza kuchinjwa! Anataka naye aonekane amekufa akafufuka, ili aabudiwe. Kitabu chote ni mashindano ya nani ana kovu la kweli.

Na sisi wa visiwa hivi, neno kuchinja hatuhitaji kamusi. Kila Sikukuu ya Kuchinja, hata sisi tusiochinja tunaletewa sahani ya nyama na majirani, na watoto wetu wanachungulia uani. Tumeona shingo. Tumeona mbuzi anavyolia mtaa mzima ukajua, na kondoo anavyolazwa akanyamaza. Wazee walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na nadhani hakuna mfasiri wa Isaya 53, ile ya kondoo anayepelekwa machinjoni kimya, aliyesema vizuri zaidi. Basi mpige picha kondoo wa namna hiyo, mwenye alama ya kisu kooni, amesimama kwa miguu yake minne katikati ya mbingu, ana pembe saba na macho saba. Si picha nzuri. Hakuna atakayeichapa kwenye fulana. Lakini ndiyo aliyoiona.

Angalieni na kitenzi. Mzee hakusema simba atashinda. Amesema ameshinda. Lini? Wimbo wa aya ya 9 unajibu: unastahili, kwa kuwa ulichinjwa. Ushindi umekwisha kabla muhuri wa kwanza haujavunjwa, na umepatikana kwa kuchinjwa, si kwa kuchinja. Nyinyi mnaosubiri ushindi wa mara ya pili, huu wa kwanza ulikuwa na kasoro gani?

Upanga nitaupitia haraka maana sioni cha kubishana. Katika 1:16 unatoka kinywani. Katika 2:16 ni upanga wa kinywa. Katika 19:15 unatoka kinywani, na 19:21 vivyo hivyo. Mara nne, mdomoni. Mkononi, katika sura ya 1, ana nyota saba. Majeshi yanayomfuata katika sura ya 19 yamevaa kitani nyeupe safi na hayatajwi na silaha hata moja. Ni kama watu wanaokwenda sala, kanzu zimepigwa pasi. Isaya 11 alishasema mfalme huyo ataipiga dunia kwa fimbo ya kinywa chake. Anashinda kwa anachosema.

Fimbo ya chuma je? Hapa nawasifu wafasiri wetu. Kigiriki kinatumia kitenzi cha mchungaji, na Biblia yetu ya Union, ambayo msingi wake ni Kiunguja, inasema atawachunga kwa fimbo ya chuma. Atawachunga! Msomaji wa Kiswahili analiona lile neno mbele ya macho yake na bado anasoma "atawaponda". Ni kweli katika 2:27 vyombo vya mfinyanzi vinapondwa aya hiyo hiyo, na ni kweli Zaburi ya 2, ilikotoka fimbo hiyo, kwa Kiebrania ni kali zaidi. Lakini Yohana ameifuata Septuaginta, tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kigiriki, na mara tatu zote anaweka kuchunga, tena katika kitabu ambacho 7:17 yake inasema Mwana-Kondoo ndiye atakayewachunga watu na kuwaongoza kwenye chemchemi za maji ya uzima. Kondoo anayechunga. Alijua anachofanya.

Sasa nifike mahali ninapokosa usingizi. 19:13, vazi lililochovywa katika damu. Damu ya nani? Darasani nasema ni yake mwenyewe. Vita havijaanza na vazi limeshalowa. Wafuasi wake ni weupe. Na kila mahali damu inapohusishwa naye katika kitabu hiki, toka 1:5 mpaka 12:11, ni damu aliyoitoa. Hoja nzuri, makatekista wanaiandika. Lakini nikirudi nyumbani naisoma Isaya 63, ambako ndiko picha hii imetoka, na pale damu ni ya maadui, imemrukia mkanyagaji wa shinikizo la zabibu. Na shinikizo lenyewe limo katika 19:15, aya mbili tu mbele. Yohana ana desturi ya kuchukua picha ya kale na kuigeuza, ndivyo alivyomfanya simba. Je, hapa ameigeuza? Nadhani ndiyo. Nadhani. Siku nyingine nafikiri najitetea tu kwa sababu nampenda kondoo.

Na ipo 14:10, inayosema watateswa mbele za Mwana-Kondoo. Aya hiyo huwa naipita mbio kama mtu anayepita makaburini usiku. Sitawadanganya kwamba Yesu wa Ufunuo hana ukali. Katika 6:16 wakubwa wa dunia wanaiomba milima iwaangukie wasione hasira ya Mwana-Kondoo. Hasira ipo. Ninachokataa ni ile hadithi ya kwamba amebadilika tabia. Luther mwenyewe mwaka 1522 aliandika kwamba Kristo hafundishwi wala hajulikani katika kitabu hiki, na makanisa mengi ya Kiorthodoksi hayakisomi katika ibada mpaka leo. Kukiogopa ni jambo la zamani, tena la watu wenye akili. Kukipenda kwa sababu ya damu ndiko kunakonitisha mimi.

Mambo madogo, niyafagie. Nywele nyeupe kama sufu katika 1:14: msinifungulie tena mjadala wa rangi ya ngozi na aina ya nywele, aya inasema weupe, sufu na theluji kwa pamoja. Cha kushangaza zaidi ni kwamba katika Danieli 7 nywele hizo ni za Mzee wa Siku, yaani Mungu, na Yohana amempa Mwana bila hata kuomba radhi. Hapo ndipo penye theolojia, nyinyi mko kwenye saluni. Mpinga Kristo: neno hilo halimo katika Ufunuo, limo katika nyaraka za Yohana. Farasi mweupe wa sura ya 6: Irenayo, mwalimu wa Kanisa wa karne ya pili, alisema mpandaji ni Kristo, mimi na wengi tunasema siye, maana Mwana-Kondoo ndiye anayevunja muhuri unaomtoa mpandaji huyo, hawezi kuwa ndani na nje. Yule mwenye mundu wa 14:14 sina hakika. Anafanana na Mwana wa Adamu, lakini malaika anampa amri, na hilo halinikai sawa.

Jirani yangu mmoja, mzee wa baraza, mtu wa msikiti, aliniuliza juzi juzi tukinywa kahawa: "Mwalimu, sisi tunaambiwa Nabii Isa atashuka kwenye mnara mweupe Damascus, amuue Dajali. Nyinyi naye anashuka na upanga. Sasa tunagombania nini?" Nikacheka, maana ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa kanisani. Nikamwambia, mzee wangu, wetu anakuja na kovu kwanza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na nyinyi wenyewe mnalijua hilo?" Sikuwa na jibu la haraka.

Mnaokaa mjini, piteni Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na papo hapo, mwaka huo huo, likaanza kujengwa kanisa. Altare iko pale ambapo inasimuliwa palikuwa na mti wa kuwachapia watu. Askofu Steere, aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha hapa, amezikwa nyuma ya altare hiyo. Kaeni kwenye benchi, msome 18:12 na 13, orodha ya shehena za Babeli: vyombo vya pembe, mdalasini, iliki, ubani, na mwisho kabisa, baada ya farasi na magari, miili na roho za wanadamu. Neno "miili" ni neno la wafanyabiashara wa Kigiriki kwa watumwa. Ni kama hati ya jahazi la Unguja; karafuu tu ndiyo haimo, Wapemba wapumue.

Kisha rudini 5:9. Mwana-Kondoo anasifiwa kwa kuwa alinunua watu kwa damu yake, na kitenzi hicho kimetoka kwenye neno la soko. Mtu anaingia mnadani, anawanunua waliowekwa sokoni, na malipo anayotoa ni shingo yake. Nilisoma Ufunuo miaka mingi bara, kwa vitabu vinene, na sikuwahi kuziweka aya hizo mbili pamoja mpaka nilipoketi pale, watalii wakipiga picha nyuma yangu.

Haya yote nimeyasema kwenye kundi kwa sauti ya dakika tisa, ambayo nina hakika watu wawili wameisikiliza. Aliyetuma picha aliandika: "Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo niifute?" Nikamjibu marahaba, asiifute. Auhamishe tu upanga kutoka mkononi aupachike mdomoni, na yule simba amtoe, aweke kondoo mwenye kovu shingoni. Tiki mbili za buluu zimetokea. Mpaka sasa kimya.