Maana ya Karatasi ya Nakala Isiyotumia Kaboni

Karatasi ya nakala isiyotumia kaboni ni karatasi iliyopakwa kemikali zinazowezesha maandishi ya ukurasa wa juu kujitokeza pia kwenye kurasa zilizo chini yake, pasipo kuchomeka katikati ile karatasi nyeusi inayochafua vidole. Hutumika sana katika vitabu vya risiti, ankara na hati za kupokelea mizigo.

Wengi hudhani kwamba karatasi hiyo imefichwa wino ndani yake. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli, kwa kuwa kilichofichwa bado hakina rangi. Nyuma ya ukurasa wa juu hupakwa vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo vimejaa mafuta yaliyochanganywa na kemikali isiyo na rangi; mbele ya ukurasa wa chini hupakwa udongo wenye asidi au kemikali nyingine ya kazi hiyohiyo. Ncha ya kalamu inapokandamiza, vifuko vilivyo chini yake hupasuka, mafuta hugusana na asidi, umbo la molekuli hubadilika na alama ya buluu au nyeusi hutokea. Rangi, basi, haihami kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, bali huzaliwa pale pale inapoonekana.

Anayetaka kuhakikisha achomoe ukurasa wa mwisho na kuukwaruza kwa ukucha, naye hataona kitu. Akiurudisha chini ya mwenzake na kukwaruza tena, mstari utatokea. Kurasa za katikati hupakwa pande zote mbili, kila upande kemikali yake, na ndiyo sababu ukurasa uliogeuzwa kimakosa hautoi nakala.

Waliobuni karatasi hii ni Lowell Schleicher na Barry Green, wanakemia wa kampuni ya National Cash Register ya Dayton, Marekani, na iliingia sokoni mwaka 1954. Wapiga chapa wengi bado huiita NCR, herufi za mwanzo za jina la kampuni hiyo.

Biashara huipenda kwa sababu ambayo, kwa maoni yangu, ni ya kiushahidi kuliko ya urahisi. Mpokeaji wa mzigo akitia sahihi mara moja, alama ya mkono huohuo hubaki kwa dereva, kwa mpokeaji na kwa mhasibu, kwa hiyo atakayegeuza 1 kuwa 7 katika nakala yake atasutwa na nakala nyingine. Zaidi ya hayo, haihitaji umeme wala mashine, jambo linalomfaa fundi aliye mbali na ofisi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba nakala hufifia zikikaa juani au zikihifadhiwa katika mifuko ya plastiki laini ya PVC, ambayo kemikali zake hushambulia rangi. Vilevile, kadiri kurasa zinavyoongezeka ndivyo ya mwisho inavyosomeka kwa shida, na kalamu lazima ikandamizwe kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayoeleza kazi ya kadi ngumu iliyofungwa nyuma ya kitabu, ambayo baadhi ya watu huing'oa wakidhani ni pambo: isipowekwa chini ya seti inayoandikwa, deni la mteja wa leo litachapika pia kwenye risiti ya mteja wa kesho.