HANS haikazwi shingoni

Vijana wa gereji hapa Dodoma wakimfunga dereva wa rali mikanda, lazima mmoja aseme: "Kaza hiyo HANS, shingo isicheze." Nimechoka kuisikia.

HANS ni kola ngumu, mara nyingi ya kaboni, inayokaa mabegani chini ya mikanda na kushikwa na helmeti kwa vikamba viwili. Gari likigonga, mikanda huzuia kiwiliwili. HANS huzuia kichwa kisiendelee mbele peke yake na kuvunja fuvu sehemu ya chini, linapokutana na shingo. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1980 na mhandisi Robert Hubbard na shemeji yake, dereva Jim Downing. Formula 1 wakaifanya lazima mwaka 2003. Maana ndiyo hiyo.

Tabu iko kwenye hilo "kaza". Vikamba vya helmeti havikazwi. Huachwa vilegee kiasi cha dereva kugeuza kichwa aione kona. Na kola yenyewe haina pa kukazwa. Inashikiliwa na mikanda ya mabega inayopita juu yake basi. Ikilegea, au ikiteleza nje ya kola, umevaa pambo la bei mbaya.

Lakini hata hiyo ya mabega siyo ya kuanza nayo, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Ukiivuta kwanza kwa nguvu zote, kifungio cha katikati kinapanda hadi kitovuni, mkanda wa chini unaacha mifupa ya nyonga na kukalia tumbo. Gari likigonga, mwili unachomoka kwa chini, mzigo wote unabebwa na utumbo. Makalio yarudi nyuma kabisa kwenye siti, mkanda wa nyonga ukae chini na ubane mpaka ukere, mikanda ya msamba, inayopita katikati ya mapaja, izuie kifungio kisipande, ndipo uende mabegani. Jaketi nene halitakiwi, ingawa joto letu limeshalikataa lenyewe. Baada ya kilomita chache za makorongo siti na nguo hushindilika, mikanda ikalegea. Ivutwe tena kabla ya kuanza kukimbizana na saa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayemfunga dereva, ukishamaliza nyonga na mabega mwambie ageuze kichwa kushoto na kulia. Akishindwa, mikanda iache ilivyo. Ongeza urefu wa vikamba.