Ugumu wa mpini wa aironi: maana yake na namna ya kuuchagua

Mpini wa fimbo ya gofu, yaani ufito unaounganisha mshiko na kichwa, hupinda kila mchezaji anapopiga swingi (anapoizungusha fimbo kuupiga mpira), hata ule wa chuma unaoonekana imara kabisa ukiushika mkononi. Tunapozungumzia ugumu wa mpini tunamaanisha kiasi hicho cha kupinda. Mpini laini hupinda sana kwa nguvu ndogo. Mpini mgumu hupinda kidogo, na hutaka nguvu zaidi. Kiasi hicho huandikwa kwa herufi kwenye mpini wenyewe. L ndiyo laini kuliko zote, na kwa desturi hupewa wanawake. A, ambayo watengenezaji wengine huiandika M, hupewa wazee na watu wenye swingi ya polepole. R ni ya kawaida, S ni ngumu, X ni ngumu zaidi.

Anayenunua seti ya aironi, yaani fimbo za kichwa cha chuma zilizopewa namba kuanzia ndefu hadi fupi, kwa mara ya kwanza huulizwa kama anataka R au S, na wengi hujibu kwa kujipima heshima. Kijana mwenye misuli huona haya kuchukua R. Mzee aliyecheza na S maisha yake yote hataki kusikia habari ya A. Inasikitisha, kwa sababu mtu huyo anaweza kukaa na fimbo zisizomfaa kwa miaka mingi, akijilaumu kwa mipira ambayo kosa lake si la mikono yake peke yake.

Tuufuate mpini ndani ya swingi moja. Fimbo ikiwa juu, mikono huanza kushuka kabla kichwa cha fimbo hakijageuka, na kwa kuwa kichwa ni kizito, kinabaki nyuma na mpini unapinda. Kuanzia hapo hadi kuugusa mpira ni takriban robo ya sekunde. Katika muda huo mdogo mpini hujinyoosha, hupita mstari wake, na hufika kwenye mpira ukiwa umepinda kidogo kuelekea mbele. Sababu ni kwamba uzito wa kichwa haukai kwenye mstari wa mpini bali pembeni yake, na kasi ya mzunguko huuvuta uzito huo ujipange sawa na mikono. Mpini ukipinda mbele hivyo, uso wa fimbo, yaani upande wa kichwa unaogonga mpira, hutazama juu zaidi kuliko ulivyotengenezwa, na hujifunga kidogo. Mpira hupanda, na kwa anayecheza mkono wa kulia huelekea kushoto.

Kwa hiyo kazi kubwa ya ugumu ni kuamua uso wa fimbo unafikaje kwenye mpira. Wengi huamini kwamba mpini laini hurusha mpira kama manati na kuuongezea umbali. Mpira hukaa usoni mwa fimbo kwa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde tu, na muda huo hautoshi mpini kuusukuma. Umbali unaopatikana kwa kubadili mpini hutokana zaidi na mpira kugongwa katikati ya uso na kuruka kwa urefu unaofaa.

Halafu kuna jambo linalosahaulika sana, nalo ni kwamba aironi si draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira mbali. Draiva ina urefu wa takriban inchi 45, mpini mwepesi, na kichwa kikubwa ambacho uzito wake uko mbali na mpini. Aironi namba 7 ina inchi 37 hivi, mpini wake kwa kawaida ni mzito zaidi, na uzito wa kichwa uko karibu na shingo, pale mpini unapoingia kichwani. Kupinda kwa mbele ninakokueleza kupo kwenye aironi, ila ni kudogo zaidi. Ukikosea herufi moja kwenye draiva utaona tofauti kubwa kuliko ukikosea herufi hiyohiyo kwenye aironi.

Hata hivyo, majedwali mengi ya kuchagulia ugumu huanzia kwenye kasi ya draiva. Kwa ujumla husema hivi: chini ya maili 75 kwa saa chukua L, kati ya 75 na 85 chukua A, kati ya 85 na 95 chukua R, kati ya 95 na 105 chukua S, na zaidi ya hapo X. Ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini hayajui unavyoshuka. Chukua wachezaji wawili ambao kasi yao ni ileile, maili 92. Mmoja hufika juu, akatulia kidogo, kisha fimbo ikashuka polepole ikiongeza kasi hadi kwenye mpira. Mwingine huirusha chini kwa nguvu zote tangu mwanzo. Jedwali litawapa wote wawili R. Wa kwanza itamfaa. Wa pili anaupinda mpini zaidi sana pale juu, na pengine atatulia akipewa S, au mpini mzito zaidi wa R. Kama kuna mtu anaweza kukutazama ukipiga, mwombe aangalie hapo pa kugeuka, fimbo inapoacha kupanda na kuanza kushuka. Panasema mengi kuliko namba ya kasi.

Sasa nirudi kwenye herufi zenyewe, kwa sababu ndizo zinazopoteza watu. R&A na USGA, wanaosimamia kanuni za gofu, hawajaweka kipimo cha R wala S. Kanuni zao hutaka mpini upinde kwa kiasi kilekile hata ukiuzungusha vipi, lakini upinde kiasi gani ni uamuzi wa mtengenezaji. Zamani za mipini ya mti wa hickory, mchezaji alichagua kila fimbo kwa kuijaribu mkononi, kwa kuwa hakuna miti miwili iliyopinda sawa. Bobby Jones alishinda mashindano yake makubwa manne ya mwaka 1930 kwa mipini ya mti. R&A ilikuwa imekwisha kukubali chuma mwaka 1929, na mwaka 1931 Billy Burke akawa wa kwanza kushinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa mipini ya chuma. Chuma ndicho kilichowezesha seti nzima kutengenezwa kwa ugumu unaolingana. Lakini kulingana huko ni kwa ndani ya aina moja tu ya mpini. Ukivuka kwenda aina nyingine, S ni S ya aliyeitengeneza. Wengine wameacha herufi kabisa: mipini ya Project X hutumia namba, ambapo 6.0 huhesabiwa karibu na S na 6.5 karibu na X.

Fundi wa fimbo anaweza kukupa kipimo cha kweli. Huibana fimbo upande wa mshiko, hukivuta kichwa kidogo na kukiachia, na mashine huhesabu mitetemo kwa dakika. Mitetemo ikiwa mingi, mpini ni mgumu. Aironi za katikati huwa karibu na mitetemo 300, na kutoka herufi moja hadi inayofuata ni kama mitetemo 10. Ukishapata namba ya fimbo unayoipenda, una kitu cha kulinganishia mpini wowote mwingine.

Lakini kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza ugumu uliza uzito. Chukua mipini miwili ya chuma: Dynamic Gold S300 ina gramu 130 hivi. N.S. Pro 950GH ya ugumu wa S haifiki gramu 100. Zote zimeandikwa S! Anayetoka kwenye moja kwenda nyingine atahisi mabadiliko makubwa kuliko ya kutoka R kwenda S ndani ya aina moja, kwa sababu Dynamic Gold ya R imepungua gramu chache tu kuliko ndugu yake wa S. Mpini mzito mno humchosha mtu kufikia mashimo ya mwisho, na mipira huanza kugongwa kwa sehemu ya chini ya uso. Mwepesi mno humfanya akimbilie mpira kwa mikono, na mwendo unaharibika. Mipini ya grafaiti, yaani ya nyuzi za kaboni, imepanua uchaguzi huu kwa upande wa wepesi, nayo huufikisha mtikisiko mkononi kwa upole zaidi, jambo lenye thamani kwa mwenye viwiko au vidole vinavyouma.

Unapojaribu, tumia aironi namba 7 au 6, na ujaribu ukiwa umeshapasha mwili moto. Nyunyiza poda kidogo usoni mwa fimbo uone mpira unagonga wapi. Usitafute ule mpira mmoja ulioenda mbali kuliko yote. Tazama jinsi mipira yote ilivyotawanyika, na kama alama za poda zinakusanyika katikati. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, mpini laini mno huelekea kutoa mipira ya juu inayokwenda kushoto, na mgumu mno hutoa mipira ya chini inayokwenda kulia, yenye mgongano mkavu unaoumiza mikono. Nasema huelekea, kwa sababu swingi yenyewe inaweza kuleta dalili hizohizo. Hata pembe ya kichwa cha fimbo dhidi ya ardhi huleta: ncha ya mbele ikiinuka wakati wa kupiga, mpira huenda kushoto, mpini uwe wowote. Ipimwe hiyo kwanza, maana kuikunja ni kazi ndogo kuliko kubadili mipini.

Ukibaki katikati ya herufi mbili na huoni tofauti, mimi ningechukua laini. Mpini mgumu mno humlazimisha mtu kupiga kwa nguvu asizo nazo, na tabia hiyo hubaki hata baada ya fimbo kubadilishwa. Iko pia njia ya kati. Katika mipini ambayo kila mmoja hutengenezwa kwa ajili ya namba yake, fundi anaweza kuufunga mpini wa aironi 6 kwenye kichwa cha 7, na kuendelea hivyo seti nzima, kisha akakata upande wa mshiko ili urefu uwe sahihi. Kila fimbo hulainika kwa takriban theluthi moja ya herufi. Akifunga kinyume, wa 8 kwenye 7, fimbo huwa ngumu kwa kiasi hichohicho.

Weji, yaani fimbo fupi za kupigia mpira karibu, zisifuate seti bila kufikiriwa. Anayezitumia zaidi kwa mapigo mafupi ya nusu swingi huupa mpini mzigo mdogo kuliko anavyoupa ule wa aironi 7, hivyo anaweza kuziwekea mpini laini kidogo. Anayezipiga kwa swingi kamili kila mara aziache ziwe na mpini uleule wa aironi zake.