Uliifuta programu, lakini iliyoletwa nayo bado imo

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana: mtu ametumiwa faili ya APK, yaani ya kusakinisha programu kwenye simu ya Android, kwa WhatsApp, akaisakinisha, akaishuku, akaifuta siku hiyo hiyo, na bado pesa zikatoka. "Mbona niliifuta?" Uliyemfukuza ni hamali, mzigo alikwisha kuutua ndani.

Programu ya kwanza huundwa iwe safi. Pengine inasoma PDF kweli, wala haiombi ruhusa ya kutisha. Ukiifungua hudai inahitaji sasisho, hupakua faili ya pili, kisha hukuomba uiruhusu kusakinisha programu zisizojulikana. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa hiyo hutolewa kwa programu moja moja, kwa hiyo tusiambiane kwamba ilijiwasha. Ya pili ikishakaa, ya kwanza huifungua na kuiachia usukani. Mfumo huipa kitambulisho chake na hifadhi yake, kando na iliyoileta, ndiyo maana kuifuta ile hakuigusi hii. Mara nyingi huificha hata aikoni yake.

Inachokitafuta ni huduma ya ufikivu, iliyowekwa kuwasaidia wasioona. Akiipata, mwizi husoma kioo chako na kubonyeza kwa niaba yako. Laini haijarogwa, wala wakala hakukuchungulia. Android 13 iliweka kizuizi hapo, lakini watu hufuata maelekezo ya tapeli ya kukiondoa, hatua kwa hatua, kwa subira wasiyokuwa nayo ya kusoma onyo lenyewe.

Likikufika, zima data na Wi-Fi. Tumia simu nyingine kumpigia mtoa huduma, akaunti ifungwe kwa muda. Usiirudishe simu katika hali ya kiwandani kabla ya kuripoti, kwani ushahidi utafutika. Nenda kituo cha polisi, uandikishe taarifa, upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na uitunze. Kwa mujibu wa kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya Kenya ya mwaka 2018, kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Ukisharipoti, pitia orodha nzima ya programu kwenye mipangilio. Kitufe cha kuondoa kikiwa kimefifia, huenda programu hiyo ilipewa usimamizi wa kifaa: uondoe usimamizi huo kwanza, ndipo uifute.