Natron Desemba: piga hesabu ya kushuka

Kila ikifika Novemba simu yangu inaanza kuita namba za Dar. "Kaka, Krismasi tunapanda nyumbani Moshi, tuko kumi na wawili, tunataka Natron na ule mlima." Ule mlima ni Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo kusini mwa Ziwa Natron. Wameuona kwenye picha za mtu: koni ya kijivu, anga ya bluu, na mwenye picha yake amejifunga shuka jekundu kileleni. Swali linalofuata ni bei. Baada ya bei wanauliza kama mtu asiye na mazoezi ataweza kupanda. Nimeongoza watu milimani kwa miaka 14 nikitokea hapa Arusha, na walioniuliza "tutashuka saa ngapi?" nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Lengai inapandwa usiku, na kila mtu anajua hilo. Unaondoka chini saa tano au saa sita usiku, unatembea saa tano hadi sita kwa taa ya kichwani, unapata mapambazuko juu. Watu wakishasikia "usiku" wanafunga hesabu ya jua hapo hapo. Wanasahau kwamba kile kilichopandwa lazima kishukwe, na kushuka kunafanyika mchana.

Tuanze na mahali penyewe. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Ziwa Natron liko sakafuni mwa Bonde la Ufa, kama mita 600. Kwa kawaida, kila ukishuka mita 1,000 joto linaongezeka nyuzi kama 6, na hewa ikiwa kavu linaongezeka zaidi. Kwa hiyo unaondoka Arusha alfajiri umevaa sweta, mchana unafungua mlango wa gari pale Engaresero, kijiji cha chini ya mlima, na kinachokupokea ni kama hewa ya tanuri la mikate. Joto la kupita nyuzi 40 si habari kule. Mlima wenyewe una urefu wa mita 2,960 hivi, lakini huo urefu usikudanganye. Baridi ya kileleni unaiacha kileleni, na kila hatua ya kushuka inakurudisha kwenye tanuri wakati jua nalo linapanda. Wewe unashuka, lenyewe linapanda, mnakutana katikati.

Na mlima hauna mti wa kukuficha. Chini kuna majani marefu, juu yake ni mwamba na majivu. Lava ya Lengai ni ya aina yake duniani: inatoka nyeusi au ya kahawia, ina magadi mengi, na ikishakutana na unyevu inageuka nyeupe. Ardhi nyeupe inarudisha mwanga juu. Nimeona watu wenye kofia pana kabisa wameungua chini ya kidevu na puani kwa ndani. Mafuta ya kujikinga na jua yapake huko pia, utanikumbuka.

Wageni wa Marekani wanaotoka majimbo ya jangwa wanaelewa haya haraka. Kwao kuna Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, ambako mtego uko kinyume na wetu. Unaanzia juu asubuhi kuna ubaridi, kama mita 2,100, unateremka ukijisikia bingwa, na ukifika mtoni chini, karibu mita 1,400 chini ya ulikoanzia, joto ni la nchi nyingine. Halafu ndiyo unaanza kupanda. Wakati wa kiangazi mamlaka ya hifadhi ile inawaambia watu wasitembee ndani ya bonde kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Wao wanapanda kwenye jua, sisi tunashuka kwenye jua, ila kosa ni lile lile: nusu ya pili ya safari ndiyo yenye moto, na mtu anaifikia akiwa amechoka, chupa iko robo.

Nilijifunza kwa aibu. Februari moja niliwachukua vijana wa ofisi moja ya hapa mjini, watu saba. Gari tulilokodi lilipata pancha mara mbili kwenye njia ile ya kutoka Mto wa Mbu, tukachelewa kulala, na badala ya kuondoka saa tano usiku tukaondoka saa nane. Nilipaswa kuahirisha. Lakini watu walishalipa, walishaomba ruhusa kazini, na mimi nilikuwa na ile jeuri ya mtu anayejua njia. Tulifika juu saa mbili asubuhi. Picha, vifijo, video za kupiga magoti. Tukaanza kushuka saa tatu.

Mwenye nguvu kuliko wote alikuwa kijana mmoja mcheza mpira. Usiku kucha alikuwa anatania watu. Karibu na saa tano nikagundua kwamba sijasikia utani kwa muda mrefu. Nikageuka. Anatembea, lakini miguu inatua popote, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, tukifika chini tunakula nini?" Akanitazama, akasema mbuzi ameshaliwa. Mbuzi tulikula jana yake.

Jasho lilikuwa bado linamtoka, tena sana. Nalisema hili kwa sababu wengi, hata waongozaji wenzangu, wanasubiri ngozi ikauke ndipo waamini kwamba joto limempata mtu. Anayetembea kwa nguvu anaweza kupatwa na kiharusi cha joto huku analoa jasho chapachapa. Kinachokuambia ukweli ni kichwa chake: anajibu vibaya, anakasirika bila sababu, anayumba, anakataa maji. Ukiona akili imeyumba na mwili una joto, usiendelee na mjadala.

Tulimvuta kwenye kivuli chembamba cha ukingo wa korongo, tukamvua shati, tukammwagia maji kichwani, shingoni, kifuani na mapajani, na wawili wakampepea kwa kofia bila kuacha. Maji ya kumwagia yalitoka kwenye chupa za wenzake, nao walitoa bila kinyongo, ingawa niliona macho yao yakipima kilichobaki. Baada ya kama nusu saa akauliza kwa nini ameloa. Nilifurahi kusikia swali la kijinga namna ile. Tulimshusha taratibu na alipona, lakini sikulala usiku huo. Kosa lilikuwa langu, na lilifanyika saa nane usiku chini ya mlima, si saa tano asubuhi juu yake.

Mpangilio ule wa kumpoza nausisitiza, kwa sababu silika yetu ni kumkimbiza mtu hospitali. Kutoka Engaresero hospitali kubwa ni saa nyingi za barabara ya vumbi, na ubongo haungoji saa nyingi. Mpoze hapo hapo alipo kwa maji na upepo, kisha ndiyo gari liondoke, na kwenye gari uendelee kumpoza. Usimpe panadol ukidhani itashusha joto. Homa ya ugonjwa na joto la jua ni vitu viwili, na dawa hiyo haina kazi kwenye hili la pili. Aliyepotewa na fahamu usimnyweshe chochote. Na mkirudi mjini mtu anaumwa kichwa, anatapika, mwili wa moto, kila shangazi atasema malaria. Kapimeni, sawa, lakini mwambieni daktari pia kwamba alishinda juani.

Sasa maji. Mtu anayetembea kwenye joto kali anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, wengine zaidi. Kwa Lengai mimi nadai lita 4 kwa kila kichwa, na simruhusu mtu anioneshe chupa mbili ndogo akaniambia yeye si mnywaji. Juu ya hapo nina mchezo wangu: wakati wa kupanda naficha dumu la lita 5 nyuma ya jiwe ninalolijua, theluthi ya chini ya mlima. Kulibeba kutoka garini hadi pale ni kazi ndogo. Kulikuta pale saa tatu asubuhi ni kama kukuta duka.

Lakini maji matupu nayo yana ubaya wake, na hapa wengi hawaniamini. Jasho linatoka na chumvi. Ukinywa maji mengi sana bila kurudisha chumvi, damu inakuwa nyepesi mno. Kichwa kinauma, unatapika, vidole vinavimba hadi pete inabana, na mwisho unachanganyikiwa kama yule aliyepigwa na jua. Tofauti ni kwamba huyu amekuwa akinywa muda wote na mkojo wake ni mweupe kama maji ya bomba. Huyu ukimwongezea maji unamuumiza. Ndiyo maana mfukoni kwangu kuna pakiti za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wanaopewa wanaoharisha) na karanga za chumvi, na kiazi cha kuchemsha kilichopakwa chumvi kwa wasiopenda ladha ya ORS. Glukosi ile ya kopo ambayo kila mtu anainunua kabla ya safari ni sukari tu, chumvi haina. Ukikosa pakiti, changanya sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo kwenye lita moja ya maji safi. Usikadirie chumvi kwa jicho. Na bia za jioni kabla ya kupanda, jamani, ziacheni zingoje mkishuka.

Nikirudi kwa wale wa "sisi tumezoea jua". Tumezoea jua lipi? La kutoka stendi hadi kwenye Noah? Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 za kutembea kwenye joto ndipo uzoee: uanze kutoa jasho mapema na ubane chumvi. Ukikaa wiki chache kwenye ubaridi, unasahau. Mtu wa Sakina au Njiro hapa Arusha aliyeshinda ofisini hajazoea Natron kuliko Mnorwe. Afadhali hata Mnorwe, anasikiliza. Kijana wa Kimasai wa Engaresero anayetuongoza anapita na kirungu na kandambili za tairi, na watu wanamwiga mwendo. Wasichomwiga ni kwamba mchana hamumwoni popote isipokuwa chini ya mgunga.

Wanaotumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, waongee na daktari kabla. Wajawazito, wazee na watoto wadogo nawaambia waziwazi kwamba mlima ule si wao.

Jambo moja dogo ambalo si dogo: Desemba kuna mvua za vuli zinazomalizikia, na njia ya Natron inakatisha makorongo. Mvua inanyesha juu kule nyanda za Ngorongoro, wewe chini uko kwenye vumbi na jua, na korongo linakuja na maji ya kahawia bila kukupigia hodi. Usipige kambi ndani yake, na usivuke kwa sababu gari la mbele limevuka.

Kwa familia inayokuja Krismasi, ushauri wangu ni kwenda juu, si chini. Materuni juu ya Moshi kuna maporomoko, kahawa na kivuli cha migomba njia nzima. Kutoka geti la Marangu unaweza kutembea msituni hadi kambi ya Mandara kwenye Kilimanjaro, karibu mita 2,700, ukarudi siku hiyo hiyo, utahitaji koti. Lushoto ni mbali kidogo ila watoto watakushukuru. Chemka, ile chemchemi ya kuogelea, haiko juu ila nayo ni nzuri. Jina linatisha bure, maji yake hayachomi, na mikuyu inafunika. Nendeni siku za katikati ya wiki, maana siku za sikukuu mtaogelea bega kwa bega.

Wanaong'ang'ania Natron nawapa Natron yangu. Kufika jioni, kutembea ziwani saa kumi na moja kuwaona flamingo, kulala mapema, alfajiri kwenda kwenye maporomoko ya Engaresero na kurudi kabla ya saa nne. Mchana ni kivulini, bao na hadithi. Anayepanda mlima anaondoka saa tano usiku, na ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunageuza popote tulipo, hata kama kilele kinaonekana. Saa moja hakuna mtu anayebaki juu kwa ajili ya picha. Gari likichelewa kufika kambini, hatupandi, na sharti hilo naliandika kwenye karatasi ya malipo ili kusiwe na maneno.

Wale kumi na wawili wa Dar wamekubali ziwa na maporomoko. Kila mtu ametuma hela, isipokuwa shemeji yao mmoja ambaye jana usiku kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu mlima. Bado sijamjibu.