Injini Ikizimika Angani, Ndege Ndogo Haianguki Kama Jiwe

Tangu zamani wengi huamini kwamba injini ya ndege ndogo ikizimika angani, ndege huporomoka papo hapo. Sivyo. Kinachoibeba ndege ni hewa inayopita kwenye mabawa, na hewa hiyo huendelea kupita maadamu rubani ameinamisha pua kiasi na kutunza mwendo. Cessna 172, kwa mfano, ikiwa mita 1,000 juu ya ardhi na upepo umetulia, huweza kuteleza hewani takriban kilomita 9 kabla ya kugusa chini.

Hatari kubwa zaidi, nami nasikitika kwamba haielezwi vya kutosha, hutoka mkononi mwa rubani mwenyewe: akiiona ardhi inakaribia huingiwa na hofu, huvuta usukani, pua hupanda, mwendo hupungua, na mabawa hupoteza uwezo wa kubeba. Hapo ndipo ndege huanguka kweli. Kwa hiyo marubani hufunzwa kutunza mwendo kwanza, kisha kuchagua mahali pa wazi pa kutua, na ndipo, muda ukiruhusu, watafute chanzo: wageuze vali ya mafuta ielekee tangi jingine, au wafungulie hewa ya moto iyeyushe barafu ndani ya kabureta, yaani sehemu inayochanganya mafuta na hewa; barafu hiyo huweza kuganda hata siku ya joto yenye unyevu mwingi.